Mkeka Uliochanika Kabla ya Futari



Katika kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 2024, dada yangu alinijia baada ya tarawehe, ncha ya leso ikiwa mdomoni, akijizuia kulia. Mwanawe, kijana wa miaka 19, alikuwa amekabidhiwa shilingi 18,000 za karo ya chuo. Fedha hizo zilipatikana kwa kaimati na sambusa alizokuwa akiziuza mlangoni kila alasiri. Sasa hazikuwapo. "Kaka," alisema, "nimemuuliza, ameniambia mkeka umechanika." Mimi, kwa ujinga wangu, nilidhani ni mkeka wa kulalia.

Nilimwita kijana. Aliniamkia kwa adabu, akaketi akiinamisha kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kumsomea aya ya 90 ya Suratul Maida na kumfafanulia uharamu wa kamari. Lakini nilipomtazama nikatambua kwamba aya hiyo anaijua, kwani mimi mwenyewe ndiye niliyemhifadhisha. Basi nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza maishani: "Mwanangu, hebu nieleze huo mpira."

Alinitazama kama mtu asiyeamini masikio yake. Kisha akaeleza. Mkeka, alisema, ni kukusanya mechi kadhaa katika dau moja, na ikikosea moja tu, zote zimepotea. Yeye alikusanya tano. Ile aliyoiamini kuliko zote ilikuwa ya Bayern Munich, iliyokwenda kucheza Heidenheim, mji mdogo wa Ujerumani ambao timu yake ilikuwa katika msimu wake wa kwanza wa ligi kuu. Mchezo ulianza saa kumi na nusu kwa saa zetu. Kufikia mapumziko Bayern walikuwa wakiongoza 2-0. Dada yangu alipokuwa akipanga tende kwenye sahani, Heidenheim walikuwa wameshinda 3-2.

"Mjomba," aliniambia, "ile haikuwa bahati nasibu. Mimi nilipiga hesabu. Bayern walichukua ubingwa mara 11 mfululizo, toka 2013 hadi 2023. Wana fedha, wana Harry Kane. Nani angeogopa Heidenheim?"

Neno hilo, "nilipiga hesabu", ndilo lililonishika. Niliona kwamba kijana huyu hakudanganywa na ujinga. Alidanganywa na elimu yake mwenyewe. Tukaahidiana: atanifundisha ligi za Ulaya, nami nitamsikiliza mpaka mwisho kabla ya kuhukumu. Kwa miezi mingi tuliketi barazani baada ya swala ya Isha, yeye akisema, mimi nikiandika kwenye daftari kama mwanafunzi wa chuoni.

Nilijifunza kwamba kila taifa lina mwendo wake wa kucheza. Waingereza hupenda kasi na nguvu. Mpira huenda huku na kurudi, na timu ya chini haioni haya kumvamia mkubwa. Wahispania huuthamini mpira na huumiliki kwa pasi fupifupi, kwa subira, mpaka mlango ufunguke wenyewe. Waitaliano kwa miaka mingi walisifika kwa ulinzi na mipango: kwao, kuzuia ni sanaa kama kufunga. Wajerumani wakipoteza mpira humkimbilia adui papo hapo kuunyang'anya, na nyuma yao huacha uwanda mpana. Wafaransa hulea vijana wenye mbio na miguu mepesi, kisha huwauza kwa mataifa mengine.

Nikamuuliza ni ligi gani yenye ushindani zaidi. Alijibu upesi, "Uingereza, mjomba. Kila mtu anajua." Nikamwambia tuhesabu. Msimu wa 2024/25 ulipomalizika, tulichukua misimu 10 iliyotangulia hadi huo. Uingereza ilitoa mabingwa wanne, lakini Manchester City peke yao walichukua mara sita. Italia nayo ilitoa mabingwa wanne. Ndiyo, Juventus walichukua mitano ya mwanzo, lakini katika mitano ya mwisho kombe lilizunguka kati ya Inter, Milan na Napoli. Uhispania watatu: Barcelona, Real Madrid, na Atlético mara moja. Ufaransa watatu, ila Paris Saint-Germain walichukua mara nane. Ujerumani wawili tu, Bayern mara tisa na Bayer Leverkusen mara moja.

Kijana alilitazama daftari kwa muda. Lile analolijua "kila mtu" lilikuwa nusu ya ukweli. Ushindani wa Uingereza hauko sana kileleni. Uko katika mechi moja moja. Sababu mojawapo ni mgawanyo wa fedha za televisheni, ambao huko ni wa usawa zaidi. Uhispania vilabu vikubwa vilijiuzia haki zao vyenyewe, mpaka serikali ilipotoa sheria mwaka 2015 ya kuziuza kwa pamoja. Mwenye kula peke yake hunenepa peke yake.

Ndipo nikamkumbusha Leicester City, mabingwa wa Uingereza wa mwaka 2016. Kabla ya msimu kuanza, makampuni ya kamari yaliwapa uwezekano wa 5,000 kwa 1. Wale ambao kazi yao ni kupiga hesabu walikosea kiasi hicho. Akanirukia: "Basi mjomba, waliowawekea Leicester si walitajirika!" Nikamjibu, "Na waliowawekea wengine wote, mwanangu? Fedha zao ziko wapi?" Akanyamaza.

Nilimsimulia kisa cha Al-Adhbaa, ngamia wa Mtume, rehma na amani zimshukie. Ngamia huyo hakuwahi kupitwa mbioni, mpaka siku moja alipokuja bedui na ngamia wake mdogo akampita. Masahaba walisikitika. Mtume akawafahamisha kwamba hakuna kinachoinuka duniani ila Mwenyezi Mungu hukiteremsha. Siku nane baada ya mchezo wa Heidenheim, Leverkusen walitawazwa mabingwa wa Ujerumani kwa mara ya kwanza katika historia yao, na wakamaliza msimu bila kufungwa hata mechi moja ya ligi. Bayern waliishia nafasi ya tatu. Utamu wa mchezo ni kwamba mwisho wake haujulikani. Kamari huuza kitu kisichopatikana, yaani kuujua mwisho huo.

Nami nina kosa la kukiri. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiukemea mpira mimbarini bila kuufahamu. Matokeo yake ni kwamba kijana huyu alipoanza kuteleza, mtu wa mwisho aliyemfikiria kumwendea ni mjomba wake. Mbio zenyewe si haramu. Mtume alishindana mbio na Bibi Aisha, akashindwa mara moja na akashinda mara nyingine. Na huko Ulaya kwenyewe yapo ya kupendeza. Aprili 2021, mchezo wa Leicester na Crystal Palace ulisimama kidogo ili Wesley Fofana na Cheikhou Kouyaté wafuturu. Mwaka uliofuata mwamuzi wa Ujerumani alifanya hivyo kwa ajili ya Moussa Niakhaté wa Mainz. Ufaransa, mwaka 2023, shirikisho la soka liliwaagiza waamuzi wasisimamishe mechi kwa sababu hiyo. Ligi hutofautiana hata katika heshima.

Leo kijana anafanya kazi dukani kila mwisho wa wiki na amekwisha kumrudishia mama yake shilingi 11,000. Programu ile ya kamari aliifuta mbele yetu. Siwezi kuapa kwamba hatashawishika tena, kwa maana simu iko mkononi mwake usiku kucha, nami nimelala. Lakini Jumamosi Magharibi huingia mpira wa Uingereza ukiwa katikati, naye huinuka, tukaswali pamoja, kisha tukarudi kuulizia matokeo.

Enyi kina mama, waulizeni wana wenu ni timu gani wanaipenda, na kwa nini. Dada yangu hajui kuotea ni nini hata leo. Lakini wiki iliyopita, akichoma mikate ya sinia jikoni, alimwita mwanawe na kumuuliza, "Hao Heidenheim wako, juzi wamefanyaje?" Kijana alicheka, akavuta kigoda, akakaa kumweleza.