Asidi ya Betri na Bomba la Sindano

Mtaani walituita vodafasta. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulipoanza mwaka 2004, shule za kata zilichipuka kila kona na walimu hawakutosha, basi sisi tuliomaliza kidato cha sita tukapigwa msasa wiki chache, tukapewa leseni na chaki. Mimi nikaangukia kemia, mkoani Singida.

Maabara haikuwepo, ubao ulikuwepo. Titresheni niliifundisha kwa kuchora: bureti juu, chupa chini, matone kwa nukta. Wanafunzi walikariri kwamba methili orenji hutoka njano kwenda pinki, kama wanavyokariri miji mikuu. Na mtihani ulituruhusu: Baraza la Mitihani lilikuwa na karatasi mbadala wa vitendo, mtoto anapewa namba, anakokotoa, hajagusa kitu. Wapo waliofaulu vizuri tu.

Likizo moja ya Juni tukaitwa chuo cha ualimu. Tulitarajia semina ya kawaida: kabrasha, chai na vitafunwa, kusaini posho. (Posho, tusidanganyane, ndiyo iliyowatoa wengi nyumbani.) Mwezeshaji akaja na mfuko wa rambo. Ndani mlikuwa na mabomba ya sindano ya duka la dawa, asidi ya betri kutoka kwa fundi magari, magadi, vizibo vya soda, motopoa na choya kavu.

"Mwalimu, vifaa vyenyewe viko wapi?" mmoja wetu akauliza.

"Ndivyo hivyo, mwalimu mwenzangu."

Akatukalisha kama wanafunzi. Kwanza, kuvuta bomba: unavuta hewa kama mililita moja, ndipo unavuta kimiminika. Ile hewa hukaa kati ya mpira na asidi, kwa hiyo unasoma usawa wa kimiminika chenyewe badala ya kubahatisha kwenye ukingo wa mpira. Asidi tuliizimua kwa kuimimina kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi, maana joto linaweza kuirusha usoni. Sheria hiyo niliisema darasani kila mwaka; siku hiyo ndipo chombo kilipopata moto mkononi mwangu. Kisha tone, tikisa, tone, tikisa. Rangi ya choya imekaa vilevile, imekaa vilevile, halafu tone moja likaipindua. Ubaoni nilikuwa nachora matone yote sawa.

Motopoa tuliiwashia kwenye kizibo. Mwali wake hauna masizi na karibu hauonekani, kwa hiyo chumvi ya jikoni ilipowaka njano hakuna aliyebisha.

Niliporudi shuleni, wanafunzi walileta choya na maji ya majivu kutoka nyumbani. Maswali nayo yakabadilika. Zamani ilikuwa, "Madam, hii itatoka kwenye mtihani?" Sasa kundi moja lilitaka kujua kwa nini wao wamepata mililita 9.2 na wenzao 9.8, na jibu halikuwemo kitabuni.

Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu. Wananchi wakachangishwa, kuta zikapanda. Kwetu vyumba vilitangulia. Maji na kemikali vikachelewa, na kimoja kikawa stoo ya madawati mabovu. Nilifurahia majengo, lakini ningepewa nichague, fedha za milango peke yake ningezipeleka kwenye semina kama ile ya mfuko wa rambo.

Siku hizi kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na tunakutana hapahapa shuleni. Napenda kwamba hatusubiri likizo. Sipendi kikao kinapogeuka cha kujaza fomu. Juzi kijana wetu wa fizikia alileta programu ya saketi kwenye simu: unaburuta waya kwa kidole, taa inawaka. Nikamuuliza betri iliyochoka inaonekanaje humo.

"Humu haziishi, madam," akacheka.

Tukaazima betri za tochi ya mlinzi. Taa ikawaka hafifu. Yeye akasema ni betri, mwalimu wa hesabu akashikilia ni waya, na mlinzi akaja kudai betri zake kabla hatujamaliza kubishana.