Utando Usioonekana Ndani ya Silinda

Injini ya mashine ya kusagia unga haifi kwa siku moja. Hufa kidogo kidogo, huku wenyewe wakiuzoea ugonjwa wake. Kwanza huwa nzito kuwaka asubuhi. Kisha hutoa moshi wa bluu, na mwenye mashine huanza kununua oili mara mbili badala ya mara moja, akisema kwamba injini siku hizi inakunywa. Mwishowe hukosa nguvu za kuzungusha kinu, na akina mama waliopanga ndoo zao tangu alfajiri huondoka na mihogo yao mikavu kwenda kwa jirani. Sababu zaweza kuwa nyingi, lakini mara nyingi sana zote huishia mahali pamoja: ukuta wa silinda umepungukiwa na mafuta ya kuulainisha.

Mashine nyingi za namna hiyo katika nchi za Maziwa Makuu huendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja, yenye magurudumu mawili mazito na mwendo wa taratibu. Asili yake ni injini ya Lister, iliyotengenezwa Dursley, Uingereza, hadi mwaka 1987, na ambayo viwanda vya Rajkot, India, viliiga na kuieneza duniani. Ile ya nguvu za farasi 6 huzunguka mara 650 kwa dakika. Ni mwendo wa kikongwe ukilinganishwa na injini ya pikipiki. Hata hivyo, kila mzunguko mmoja pistoni hupanda mara moja na kushuka mara moja, yaani safari 1,300 kwa dakika, na safari 78,000 kwa saa moja ya kusaga. Katika kila safari ringi za pistoni husugua ukuta wa chuma wenye urefu wa milimita 140. Kinachozuia chuma kisile chuma ni utando wa oili mwembamba mno, mwembamba mara nyingi kuliko unywele wa kichwani.

Utando huo haukai mahali pote kwa usawa. Pistoni inapokuwa katikati ya safari yake, mwendo wake wenyewe huivuta oili na kuisukuma chini ya ringi, na ringi huelea juu yake kama mtumbwi uelewavyo majini. Lakini kila ifikapo juu kabisa au chini kabisa, pistoni hapana budi isimame kitambo kidogo kabla ya kugeuka. Isimamapo, hakuna tena mwendo wa kuivuta oili, na ringi huzama hadi kuugusa ukuta. Huko juu ndiko kwenye hatari zaidi, kwa kuwa ndiko dizeli iwakako, na moto huo huiunguza hata ile oili kidogo iliyobaki. Ndiyo maana silinda iliyochakaa haichakai sawasawa toka juu hadi chini. Fundi akiingiza kidole na kupitisha ukucha karibu na mdomo wa silinda, ukucha hukwama penye kingo ndogo kama kidaraja. Juu ya kingo ringi haikuwahi kufika. Chini yake chuma kimeliwa.

Mjane mmoja wa kando ya Ziwa Tanganyika, si mbali na Rumonge, aliachiwa na marehemu mumewe mashine ya namna hiyo, na karo ya watoto wawili hutoka katika mashine hiyo na si kwingineko. Moshi wa bluu ulipoanza, fundi kijana wa pale sokoni alimpa shauri ambalo wenye mashine wengi wamekwisha kulisikia: atie oili nyingi kuliko alama ya kijiti, tena atie oili nzito ya gia, maana nyepesi "inapita". Shauri hilo lina sura ya akili. Kilichokauka si kiongezwe mafuta? Mama akafuata, na moshi ukazidi hata wateja wakawa wanafunika vyombo vyao.

Kosa la shauri hilo laonekana mtu akijua jinsi injini ile inavyojipaka mafuta. Chini ya mkono wa pistoni kuna kijiko kidogo cha chuma ambacho huchota oili kila mzunguko na kuirusha juu, nayo hutapakaa ukutani kama matone ya mvua. Ringi ya chini ina kazi ya kukwangua ziada na kuirudisha. Oili ikizidi alama, kijiko hurusha kuliko ringi iwezavyo kukwangua. Ziada hupanda, huungua, na kuacha masizi magumu ndani ya vijia vya ringi. Ringi iliyogandishwa na masizi haitanuki tena kuukumbatia ukuta. Moto hupenya pembeni yake na kuukausha ule utando uliokuwa ukihitajiwa. Nayo oili nzito, asubuhi kungali na ubaridi, ni mvivu kama asali: injini huzunguka mara nyingi kabla haijafika inakotakiwa. Kwa hiyo mama alikuwa na oili tele chini ya injini, na ukame juu yake.

Ugonjwa wa ringi kugandishwa una historia ndefu. Ringi ya chuma iliyokatwa mahali pamoja, ili ijitanue yenyewe, ililetwa na Mwingereza John Ramsbottom katika miaka ya 1850 kwa ajili ya injini za mvuke, na injini za mafuta zikairithi. Dizeli ilipoanza kutumika katika matrekta, kampuni ya Caterpillar ya Marekani iliona ringi zikiganda mapema mno, na katikati ya miaka ya 1930 ikashirikiana na wachuja mafuta kupata oili iliyotiwa dawa ya kuosha masizi na kuyaweka yakielea. Basi oili nzuri ya dizeli kuwa nyeusi baada ya kazi si aibu. Imefanya kazi yake ya kuosha. Aibu ni kuichuja kwa kitambaa na kuirudisha, kwa sababu kitambaa hakirudishi dawa iliyokwisha kutumika.

Shemeji yake yule mama naye alikuwa na lake. Rumonge ni nchi ya michikichi. Kwa nini kununua oili ya dukani, na mawese yapo? Wazo hili si la kuchekwa. Mawese yalilainisha ekseli za magari ya moshi huko Uingereza katika karne ya 19, na mafuta ya nyonyo yalitumika katika injini za ndege za mwanzo kwa sababu hushikamana na chuma kwa nguvu sana. Lakini mafuta ya mimea yakikutana na joto na hewa kwa muda huanza kuwa ulimbo. Ekseli ya gari la moshi haikuwa na moto ndani yake, silinda inao. Bahati njema mama alikataa, si kwa elimu ya injini bali kwa kuyaona masufuria yake mwenyewe, jinsi mawese yaliyounguzwa yanavyoganda pembeni na kukataa hata mchanga wa kusugulia. Mpishi aweza kujua mambo ya silinda kuliko anavyodhaniwa.

Hatimaye aliitwa fundi mzee, aliyezeekea katika injini za meli za ziwani. Watu wa ziwa hilo wana sababu ya kuiheshimu grisi. Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Goetzen karibu na Kigoma, mafundi waliipaka injini yake ya mvuke grisi nzito kabla ya kuiachia maji. Ilipoopolewa mwaka 1924 injini ilionekana yafaa kufanyiwa kazi, na mwaka 1927 meli ikarudi majini kwa jina la Liemba.

Mzee yule hakuanza na funguo. Aliliendea pipa la maji ya kupozea injini, akaligusa bomba la juu, kisha akauliza, "Mama, maji haya hubadilishwa mara ngapi?" Mama akajibu kwa fahari kidogo kwamba mpwa wake huchota ziwani mchana kutwa, ili injini isipate joto kamwe. Mzee akatikisa kichwa.

Hapa ndipo wengi hujikwaa, na kosa lao latokana na upendo. Hudhani injini baridi ni injini yenye afya. Lakini dizeli ina kibiriti ndani yake, na iwakapo hutoa gesi ambayo, pamoja na mvuke wa maji, huweza kuwa tindikali. Ukuta wa silinda ukiwa na joto la kutosha, mvuke huo hutoka nje pamoja na moshi. Ukiwa baridi, hutonesha ukutani kama umande, ukaipenya oili na kukila chuma. Watafiti wa Uingereza waliochunguza uchakavu wa silinda katika miaka ya 1930 walionyesha kwamba injini ikiendeshwa baridi huliwa upesi kuliko ikiendeshwa katika joto lake halali, na hata mainjinia wa meli kubwa za baharini wangali wakipambana na jambo hilo. Pipa la mashine ya unga limepangwa lijizungushie maji lenyewe: ya moto hupanda, ya baridi hushuka. Bomba la juu lapaswa kuwa na moto wa kumfanya mtu aondoe mkono upesi, ingawa maji yasichemke.

Injini ilipofunguliwa, mengine yalionekana. Chujio la hewa lilikuwa limeondolewa zamani, na injini ilikuwa ikivuta pumzi katika chumba kile kile chenye vumbi la unga na la barabara. Unga huungua; chembe za mchanga haziungui, nazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikichanganyika na oili, mafuta ya kulainisha huwa msasa. Nozeli nayo ilikuwa ikidondosha badala ya kunyunyiza, na dizeli isiyoungua ilikuwa ikiuosha ukuta na kuteremkia kwenye oili. Mama alikumbuka kwamba kuna majuma oili ilionekana kuongezeka kwenye kijiti bila mtu kuitia, na alikuwa amemshukuru Mungu.

Uamuzi ulikuwa mzito. Jirani alikuwa akiuza injini nyingine nyepesi, iendayo mbio, kwa fedha ambazo zingemeza karo ya muhula mzima. Mzee alishauri silinda ipelekwe Bujumbura kwa mchongaji wa vyuma, ivalishwe slivu mpya, na pistoni ipewe ringi mpya. Gharama ilikuwa ndogo kuliko ile ya injini, lakini si ndogo kwa mjane, na mashine ingelala juma zima. Mama alichagua hilo la pili, akauza mbuzi wawili, na mtoto mkubwa akachelewa shule siku kumi.

Slivu iliporudi, mpwa alilalamika kwamba mchongaji amefanya kazi chafu, kwa kuwa ndani yake kulikuwa na mikwaruzo membamba iliyopishana kama ukili wa mkeka. Alitaka kuisugua ing'ae kama kioo. Mzee akamzuia kwa ukali. Mikwaruzo ile ni visima vya oili. Ukuta unaong'aa kama kioo hauna mahali pa kuishika. Kwa sababu hiyo hiyo, mzee alikataa injini mpya ibembelezwe kwa kuachwa inguruma bure siku nzima bila kazi. Baada ya saa za kwanza ipewe mihogo kidogo, kisha zaidi, maana ni mzigo unaozisukuma ringi zikae vizuri ukutani. Ikizurura bila mzigo, ukuta hupata ngozi laini ya mafuta yaliyoungua na ringi hazizoeani nao kamwe. Oili ya kwanza imwagwe mapema, kwa kuwa imebeba vumbi la chuma kipya.

Chujio la hewa la bakuli la oili lilirudishwa, na bomba lake likatolewa nje ya ukuta, upande usioelekea barabara. Mpwa alikatazwa ndoo za ziwani, isipokuwa za kujazia kilichopungua. Alfajiri sasa huinua kwanza kikono cha vali ya moshi, huzungusha magurudumu taratibu kwa mkono hadi kijiko kimerusha oili mara kadhaa, na ndipo huachia vali na injini ikawaka. Wateja wenye haraka hunung'unika wakimwona akizungusha chuma kisichowaka, naye huwaacha wanung'unike.