Si kila kijidudu ni adui wa ngozi

Leo tunaongea juu ya ngozi, kwa sababu mtoto mmoja wa darasa letu la mwaka wa pili alikaribia kuacha masomo kwa ajili yake.

Ana ekizema, ule ugonjwa unaoitwa pia ukurutu. Mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti imekauka na kupasuka, anajikuna mpaka damu. Tangu mpox ilipotusumbua hapa Kivu, wenzake walihama benchi yake, na wazazi wawili wakatuomba tumrudishe nyumbani. Hatukukubali. Muganga alimpima akasema wazi: ekizema haiambukizi. Mpox huja na homa, tezi kuvimba na malengelenge. Mwenye dalili hizo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mama yake alikuwa anapambana kwa nguvu zake zote. Alimwosha mara tatu kwa siku kwa sabuni kali ya kuua vijidudu, akamsugua kwa kitambaa kigumu. Nani kati yetu hangefanya hivyo? Lakini ngozi ilizidi kupasuka, na sababu yake inafaa tuijue sote.

Ngozi ya mtu mzima wa afya imejaa bakteria, na wengi wao ni walinzi. Mtoto huanza kuwapokea siku ya kuzaliwa, kutoka mwilini mwa mama na mikononi mwetu tunaombeba. Baadhi yao hula mafuta ya ngozi na kuyageuza kuwa asidi kidogo, ambayo wadudu wabaya hawaipendi. Wengine hutoa dawa yao wenyewe ya kuwaua wabaya hao.

Adui mkubwa wa mwenye ekizema ni stafilokoko ya dhahabu, inayoitwa hivyo kwa rangi yake ikikuzwa maabara. Inaweza kukaa puani mwa mtu mzima bila shida. Ila ngozi ikikauka na kupasuka, inapata mlango, inaongezeka, inatoa sumu zinazoleta mwasho. Mtoto anajikuna, mlango unapanuka. Mwaka 2017 watafiti wa San Diego, Marekani, walionyesha kwamba wagonjwa wengi wa ekizema wamepungukiwa na bakteria walinzi. Walichukua walinzi wachache waliobaki kwa mgonjwa, wakawazidisha, wakampaka mwenyewe katika krimu, stafilokoko ikapungua. Dawa hiyo haijafika sokoni kwetu, lakini somo lake limefika.

Sabuni kali haichagui: inaondoa mafuta na walinzi pamoja na adui. Tusikosee lakini: mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na baada ya choo, kwani kipindupindu hakina mzaha. Tunachokataa ni kusugua mwili mzima wa mtoto mgonjwa kwa dawa kali.

Muganga alimshauri mama huyu hivi: mtoto aoge mara moja kwa siku, kwa muda mfupi, maji ya uvuguvugu, sabuni laini isiyo na manukato, na penye uchafu tu. Akaushwe kwa kugusagusa, kisha apakwe vaselini ngozi ikiwa bado na unyevu. Kucha zikatwe, nguo ziwe za pamba. Vidonda vikitoa maji au ukoko wa manjano, au homa ikija, arudi kwa muganga. Antibiotiki zisinunuliwe ovyo.

Na ile pomada ya kujichubua ambayo jirani hukuambia “inaponyesha haraka”? Nyingi zina kortizoni kali. Mwasho unatulia siku chache, kisha ngozi inakuwa nyembamba na ugonjwa unarudi kwa nguvu. Kortizoni ya ekizema ipo, lakini muganga ndiye anayechagua nguvu yake na siku zake.

Ekizema haiponi kwa juma moja. Hutulia na kurudi. Mtoto wetu bado anajikuna siku nyingine, lakini analala usiku, na wawili wamerudi kukaa naye. Mkutanoni tuwaambie wamama wengine: mtoto wa ekizema hakuoga vibaya, hakulogwa, na mama yake si mchafu. Tumwachie mtoto benchi yake.