Miche Iliyokaa Pamoja

Akina mama wenzetu, tunawaandikia habari ya chemchemi na miti. Sisi ni wanawake wa kilima kimoja huku Tarime, mahali ambapo ardhi huteremka kuelekea Mto Mara. Ng'ambo ya mto ni Wilaya ya Serengeti, na huko wako dada zetu na binti zetu walioolewa. Kati yetu wapo mabibi wenye wajukuu, na wapo waliojifungua mtoto wa kwanza juzi tu. Jambo hili tumeliona sote, ndiyo maana tunasema "sisi".

Chini ya kilima chetu ipo chemchemi. Mama wakwe zetu hutuambia kwamba zamani ilizungukwa na mikuyu na vichaka vizito, hata mtoto aliogopa kwenda huko peke yake jioni. Sisi tulipoolewa tulikuta mikuyu miwili tu. Mingine ilikwisha kwa kuni, kwa mkaa, kwa kuchomea matofali na kwa kupanua mashamba. Kisha watu wakapanda mikaratusi karibu kabisa na maji kwa kuwa hukua upesi, bila kukumbuka kwamba mti huo hunywa maji mengi. Ilipofika kiangazi cha mwaka 2014, ndoo moja ilikuwa ikijaa kwa muda wa kupika ugali na kuugeuza. Binti zetu wakaanza kuamka saa kumi alfajiri ili wawahi foleni kwenye kisima cha mbali. Mama gani atapata usingizi hali binti yake yuko njiani gizani?

Basi tukakubaliana kupanda miti. Mvua za masika za mwaka 2015 zilipoanza, tulifyeka ule mteremko wote juu ya chemchemi ukawa safi kama uwanja wa shule. Tukachimba mashimo kwa mistari iliyonyooka, hatua tano kutoka shimo hadi shimo, tukapanda mringaringa, mkuyu na mgrevilea. Tuliimba siku ile. Tulijiona tumefanya kazi ya kuwapendeza Mungu na watoto wetu.

Hata mwaka haukuisha. Mvua kubwa ilishuka katika ardhi ile tuliyoivua nguo, ikachukua udongo na miche pamoja ikavitupa korongoni. Iliyosalia ilichomwa na jua, na mbuzi wakamaliza. Wanaume wengine walitucheka kilabuni, na baadhi yetu wakasema hatutarudi tena kupoteza nguvu. Tulipokwenda kuhesabu, tulikuta miche michache tu iliyo hai. Lakini angalieni mahali ilipokuwa: karibu yote ilisimama kando ya vichaka vya miiba ambavyo mapanga yetu yalishindwa kuvifyeka. Tuliona jambo hilo, ila hatukulielewa.

Aliyetufumbua macho ni mama mwenzetu ambaye ni mke wa mwalimu, mzaliwa wa pwani ya Tanga. Alikuwa mkimya katika mikutano yetu kwa kuwa Kikuria kilikuwa bado kinampa taabu. Siku ile alisema, "Mama zangu, nisameheni, lakini hata mikoko ya kwetu haikubali kukaa peke yake mahali palipoharibika."

Bibi mmoja akamjibu, "Mama Mwalimu, kwenu mna bahari nzima. Mti wa kwenu utakosaje maji?"

Naye akatueleza kwa upole. Mkoko hukua katika tope la pwani, na maji ya chumvi huujia na kuondoka kila siku. Mbegu yake huota ingali juu ya mti wa mama, kisha hudondoka ikiwa tayari mche mrefu. Mahali penye miti mingine mche huo hutulia na kushika. Lakini watu wakikata msitu wote, tope hubaki wazi. Jua hulipiga, maji hukauka na chumvi hubaki pale ikizidi kuwa kali. Mawimbi nayo hufagia udongo. Mche mmoja ukitupwa hapo, maji yapo tele na bado utakufa.

Hatukuyasikia tena mambo hayo mpaka kijana wetu mmoja aliyekuwa chuoni alipotusomea habari za kijiji cha Gazi, kusini mwa Mombasa. Mikoko ya huko ilikatwa sana katika miaka ya 1970, mingine ikawa kuni za viwandani. Sehemu zilizobaki tupu hazikurudi zenyewe, ikabidi wataalamu na wanakijiji waanze kupanda katika miaka ya 1990. Ilionekana kwamba miche iliyopandwa kwa kusogeleana husaidiana. Hupunguza kasi ya maji, na tope hutua miguuni pake. Hutiliana kivuli, na chumvi haipandi sana. Ule mti uitwao mchu hutoa mizizi inayochomoza juu ya tope kama vidole, ikivuta hewa. Tena mchu huvumilia chumvi nyingi, kwa hiyo huweza kutangulia mahali pagumu na kuwakinga wenzake. Katika nchi ya Sri Lanka, huko Puttalam, watafiti walipanda mikoko kwa nafasi mbalimbali, na matokeo yao yalitolewa mwaka 2010: pale ilipobanana zaidi ndipo ilipopona zaidi, na ndipo udongo ulipoinuka zaidi. Watu wa Gazi na jirani zao wa Makongeni wana mradi wao uitwao Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, unaolinda hekta 117 za mikoko. Fedha wanazolipwa kwa msitu huo kuhifadhi hewa ya ukaa zimewasaidia katika maji na shule.

Sisi hatuna bahari wala mikoko. Lakini jua kali tunalijua, na ardhi iliyo wazi tunaijua. Mwaka 2017 tulirudi mteremkoni tukafanya kinyume cha mara ya kwanza. Vichaka tuliviacha. Miche tuliipanda kwa mafungu, saba au minane mahali pamoja, hatua moja tu kati yake, na mingine tukaiingiza kandokando ya miiba. Katikati tulipanda mbaazi, maana humea upesi, hutoa kivuli chepesi na kurutubisha udongo, na watoto hupata mboga. Tulichimba makinga maji kukata mteremko. Kisha tukawasihi wenye mikaratusi ile ya majini waivune na wasiache machipukizi. Wawili walikubali upesi. Wa tatu alichukua miaka miwili, na mkewe ndiye aliyemshinda.

Dada zetu wa upande wa Serengeti walifanya vivyo hivyo katika nchi yao iliyo kavu kuliko yetu na yenye mifugo mingi. Wao waligundua kwamba mche uliofichwa ndani ya kichaka cha mgunga mbuzi huuona lakini hawezi kuufikia. Mwiba tuliouchukia ndio uliokuwa yaya.

Miti ikashika. Udongo ukaanza kutulia, majani makavu yakafunika ardhi, na mwaka baada ya mwaka maji yakaongezeka kidogo kidogo. Sasa hata mwezi wa Februari chemchemi hutiririka, ingawa si kama ilivyosimuliwa na mama wakwe zetu. Binti zetu huenda maji jua likiwa limechomoza.

Laiti habari ingeishia hapo. Lakini tunawaandikia ninyi mlio na nyumba, nanyi mnajua kwamba taabu zikipungua ndipo maneno huanza. Kufikia mwaka 2022 migrevilea ilikuwa minene, na kila aliyepita aliona nguzo na fedha. Miti ile iliyosaidiana ikiwa midogo sasa ilikuwa ikinyang'anyana mwanga, mingine ikawa myembamba na ya manjano chini ya wenzake. Bwana misitu akatuambia ni desturi ya miti: mahali pa taabu hubebana, mahali pa neema hushindana. Ilitupasa kupunguza.

Nani akate, na fedha ziende wapi? Hapo tukagombana sisi tulioimba pamoja. Asubuhi moja nguzo nne zikaonekana zimekatwa usiku. Bila kuuliza, vidole vyetu vilimwelekea mjane anayekaa karibu na mteremko. Tuliacha kumsalimu, na watoto wetu wakaacha kucheza na wake. Baada ya wiki tatu mke wa mwalimu alikwenda kumtembelea, akakuta ukuta wa nyumba yake umeanguka kwa mvua na zile nguzo zimeegemezwa kushikilia paa. Watoto wanne walikuwa wakilala chini yake. Naam, alikata. Alikuwa amekuja mara mbili kutafuta msaada kwa kiongozi wetu, akakuta tunabishana juu ya fedha, akaona haya akarudi.

Tulinyamaza siku ile. Mwizi ni nani hapo? Tulijua kuuwekea mche jirani ili usiungue, ila mwenzetu tulimwacha ardhi tupu katikati ya msitu wetu wenyewe.

Tulikwenda kumwomba radhi, naye akatuomba sisi. Nguzo za kwanza zilizokatwa kwa halali zilijenga nyumba yake. Tangu hapo tumeweka utaratibu: tunapunguza mara moja kwa mwaka, sote tukiwapo, na kabla ya kugawana tunauliza kwanza ni nyumba gani inayovuja. Akina mama wawili waliotuacha wakati wa ugomvi hawajarudi hadi leo, na tunaendelea kuwasalimu.

Mama mwenzetu, ukitaka kurudisha uoto mahali palipoharibika, usianze na panga. Tazama kwanza kilichosalia, hata kama ni mwiba, upande kando yake. Panda kwa mafungu wakati ardhi ni ngumu, na miti ikinenepa uwe tayari kupunguza kwa makubaliano. Na ukifika nyumbani jioni, hesabu majirani zako kama tulivyohesabu miche yetu. Yule aliyesimama peke yake juani, mpelekee uji leo, usingoje paa lianguke.