Wageni wa Angani, Wenyeji wa Ziwa

Tamthilia ya Kimarekani iitwayo Star Trek: The Next Generation ilianza kuonyeshwa Septemba 1987, ikamalizika Mei 1994 baada ya misimu saba na sehemu 178. Wapenzi wake wamekubaliana karibu wote juu ya jambo moja, nao si watu wa kukubaliana upesi: misimu miwili ya kwanza ilikuwa dhaifu, na ni katika wa tatu ndipo chombo kilipong'oa nanga. Hata mimi nakubali. Lakini sababu zangu nilizipatia Kirumba, Mwanza, mbele ya deki ya video ya kuazima, na sidhani kwamba zinalingana na za mtu aliyeitazama akiwa Los Angeles.

Wakati ule Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini. Sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza, navyo vilianzia Dar es Salaam. Kilichotufikia Mwanza kilikuja kwa kaseti. Binamu yangu alikuwa akisoma Uingereza, na BBC ilipoanza kuonyesha tamthilia hii mwaka 1990, akawa anairekodi na kuwapa kaseti watu waliokuwa wakirudi nyumbani. Jumamosi jioni sebule yetu ilijaa: watoto chini mkekani, wakubwa kwenye viti, na mimi pembeni ya televisheni nikitafsiri kwa sauti. Kazi ya mkalimani haina raha. Mtu akiudhiwa na maneno, humtazama kwanza yule aliyeyatamka kwa Kiswahili.

Tulikuwa na hamu kubwa, nayo ilikuwa na asili yake. Katika tamthilia ya kwanza ya Star Trek, ile ya 1966, alikuwamo ofisa mwanamke mweusi aliyeitwa Uhura, jina lililotokana na neno letu uhuru, na katika sehemu ya kwanza kabisa kurushwa hewani, tarehe 8 Septemba 1966, kilisikika Kiswahili humo chomboni. Kilikuwa Kiswahili cha kuungaunga, lakini kilikuwa chetu. Katika hii mpya yumo LeVar Burton, ambaye wengi wetu tulimfahamu kama Kunta Kinte wa Roots. Mjomba wangu, aliyekuwa fundi wa mitambo katika meli za ziwani mpaka alipostaafu, alipoambiwa kwamba Kunta Kinte sasa ni mwanamaji wa angani, alisogeza kiti chake mbele.

Kisha ikaja sehemu iitwayo Code of Honor, ya Oktoba 1987. Chombo kinafika kwenye sayari kutafuta chanjo. Wenyeji wa sayari hiyo wote ni weusi, wamevaa vilemba na nguo za kung'aa, wanazungumza kwa majivuno, na mkuu wao anapomwona ofisa mmoja wa kike, mzungu, anamwiba na kumtaka awe mkewe. Mke wa mkuu huyo analazimika kupigana na yule mateka kwa silaha zenye sumu. Nilitafsiri mpaka katikati, halafu nikaanza kupunguza maneno. Haikusaidia, kwa kuwa picha hazihitaji mkalimani. Mjomba alisimama, akavaa kofia yake. Alisema: "Hawa wametubeba mpaka mbinguni ili waje kututukanana huko huko." Akaenda zake, na Jumamosi iliyofuata hakuja.

Ili msomaji aelewe kwa nini ilimuuma vile, yampasa akumbuke mahali tulipokuwa tumekaa. Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alitokea kusini, akapanda kilima karibu na Mwanza, akaliona ziwa, akalipa jina la malkia wake. Hakukaa hata wiki moja. Watu wa kandokando walikuwa wakivua, wakizika na kuoana hapo kwa vizazi visivyohesabika; Waganda waliliita Nalubaale, Wajaluo Lolwe, wengine Nyanza tu, na yalitosha. Mpaka leo ghuba iliyo kati yetu na Ukerewe inaitwa Ghuba ya Speke, na jiwe zuri kuliko yote pale majini mjini kwetu lina jina la Bismarck, waziri mkuu wa Wajerumani. Sasa mchukue mtu aliyezaliwa katika ghuba hiyo, umsomee utangulizi wa tamthilia hii, unaosema kwamba chombo kinakwenda mahali ambapo hajapata kufika mtu yeyote. Atakuuliza swali moja tu: na hao wanaowakuta huko, ni nani?

Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wa misimu ile ya kwanza. Watu husema sana juu ya mazungumzo makavu na mapambo ya hafifu, nami sikatai. Waandishi walikuwa wakiingia na kutoka kama abiria wa daladala. Mwaka 1988 ukatokea mgomo wa waandishi wa filamu na televisheni huko Marekani, wa miezi mitano. Msimu wa pili ukapunguzwa ukawa na sehemu 22 badala ya 26, ukafunguliwa kwa hadithi iliyofukuliwa katika makaratasi ya miaka ya sabini, na ukafungwa kwa vipande vya picha zilizokwisha kuonyeshwa. Tamthilia nyingine ingezikwa. Hii iliponea kwa sababu ya namna ilivyouzwa: kampuni ya Paramount iliiuza moja kwa moja kwa vituo, kimoja kimoja, kwa hiyo hakukuwa na bwana mkubwa mmoja wa mtandao wa televisheni wa kuamka asubuhi na kuifuta. Uvumilivu ni kitu cha gharama, na hapa kulikuwa na mtu wa kuulipia.

Mwaka 1989, msimu wa tatu ukiwa mwanzoni, usimamizi wa waandishi alipewa Michael Piller. Alifanya mambo mawili ambayo mimi nayaona makubwa kuliko vyombo na milipuko yote. Kwanza, alitaka kila hadithi iwe na mwenyewe: si kutuonyesha tu maajabu ya juma hili, bali kutuambia ni nani miongoni mwa watu hawa anayeguswa nayo, na yanamfanya nini. Pili, aliufungua mlango kwa miswada ya watu wasiojulikana. Kijana Ronald D. Moore aliingia kwa njia hiyo, kwa hadithi ya mtoto ambaye mama yake anakufa kazini, naye akaja kuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa fani hii.

Kaseti za msimu huo zilitufikia mwaka 1993. Mjomba hakuja kuzitazama. Alikuja kutengeneza jenereta ya jirani, kwani umeme ulikuwa umekatika kama ilivyokuwa desturi, na alipomaliza, adabu haikumruhusu kuondoka kabla ya chai. Kwa bahati tulikuwa tumeweka ile iitwayo Who Watches the Watchers, ya Oktoba 1989, miaka miwili kamili baada ya ile iliyomkimbiza. Wataalamu wa chombo wamejificha nyuma ya mwamba wa bandia, wakiwachungulia wanakijiji wa sayari moja. Jenereta yao inaharibika, na maficho yanaonekana. Mjomba alicheka mpaka chai ikamwagika. "Kumbe hata huko!"

Mwanakijiji mmoja anaumia, anapelekwa chomboni, anatibiwa. Anarudi nyumbani akiwaambia wenzake kwamba amemwona mungu, na mungu huyo anaitwa Picard. Kumbe Picard ni nahodha tu. Anashauriwa na mtaalamu mmoja akubali, awape amri chache nzuri, mambo yaishe. Anakataa kwa hasira. Anamchukua mama mmoja, Nuria, kiongozi wa kijiji, mtu mwenye akili na maswali, akamwonyesha chombo. Na mama huyo alipoendelea kuamini, akampeleka kwenye kitanda cha mmoja wa watu wake, akamwacha aone jinsi anavyokata roho, na nahodha hawezi kuzuia. Baadaye inabidi mtu ampige Picard mshale, damu imtoke, ndipo mwanakijiji yule naye asadiki kwamba hakuna mungu hapo.

Nilitafsiri yote bila kupunguza. Chumba kilikuwa kimya. Nuria hakuvalishwa vazi la kuchekesha, wala hakumwiba mtu. Aliuliza, akakosea, akafikiri, akaelewa. Na alipoelewa, alizungumza na nahodha kama mwenyeji anavyozungumza na mgeni. Kwangu mimi kuboreka kwa tamthilia hii kunapimwa hapo, katika umbali uliopo kati ya yule mkuu mwenye kilemba na mama huyu. Ni chombo kilekile, nahodha yuleyule, na waigizaji karibu walewale, ambao baadhi yao, Jonathan Frakes akiwamo, walikuja kuishutumu Code of Honor hadharani. Kilichobadilika ni kwamba sasa aliyetembelewa alipewa akili yake mwenyewe. Mazungumzo yakapata uhai papo hapo, maana nahodha alikuwa amepata mtu wa kuzungumza naye.

Mjomba hakukubali yote. Aliweka kikombe chini, akauliza ni nani aliyewapa ruhusa ya kujificha mwambani na kuwachungulia watu wakila. Nilimjibu kwamba wana sheria inayowakataza kuwaingilia wenyeji. "Sheria hiyo wameitunga wenyeji?" Nikasema hapana. "Basi." Mama yangu mdogo akasema afadhali hao, kuliko waliokuja wakatupa majina na kuondoka. Mjomba akajibu kwamba afadhali ni afadhali, na nzuri ni nzuri. Walibishana mpaka jenereta ikaisha mafuta, na mwishowe kaseti haikuwa na habari tena. Walikuwa wamefika kwa babu wa babu yao na Wajerumani wa Mwanza.

Alipoondoka, mlangoni, aliniuliza kama Kunta Kinte bado yumo. Nikamwambia yumo, na sasa ndiye mkuu wa mafundi wa chombo kizima, chumba cha injini chote ni chake. Akanyamaza kidogo, akauliza zimebaki kaseti ngapi.