Umeweka Windows 11, folda ya nyumbani haifunguki? Soma hapa kwanza

Leo naandika kuhusu jambo lililotushughulisha wikendi nzima nyumbani Voi. Kompyuta mbili zilikuwa zikisikilizana vizuri kwa miaka, kisha moja ikawekewa Windows mpya, na mazungumzo yakakatika.

Kwanza nieleze mtandao wenyewe. Sebuleni kuna kompyuta ya mezani yenye Windows 10. Dadangu mdogo ana laptopu ya ex-UK yenye Windows Pro. Katikati kuna ruta moja ndogo. Kompyuta ya sebuleni ina folda ambayo nyumba nzima huifungua: vyeti vilivyopigwa skani, picha za arusi, na rekodi za marehemu nyanya akisimulia hadithi kwa Kidawida. Vyeti unaweza kuviomba tena ofisini. Sauti ya nyanya hakuna ofisi itakayokupa.

Hapa niseme jambo ambalo wengi hulichanganya: waifai si intaneti. Ruta ikiwa inawaka, kompyuta za nyumba moja zinaongea hata kama bando limeisha. Video inatoka sebuleni hadi chumbani bila kula data hata kidogo. Ndiyo maana folda ya pamoja ina faida kubwa huku kwetu.

Sasa tatizo. Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo laptopu ikapandishwa hadi Windows 11, toleo la 24H2. Kompyuta ya sebuleni ni nzee, haina TPM 2.0 inayotakiwa, ikabaki ilivyo. Tangu siku hiyo, dada akibofya folda anaambiwa kwamba sera za usalama za shirika lake zinazuia wageni wasiojitambulisha.

"Shirika gani tena, kaka? Hii si nyumba ya mama?"

Ujumbe ule unasema kweli, ila kwa lugha ya ofisi. Windows hushiriki faili kwa kutumia itifaki iitwayo SMB. Itifaki ni kama lugha ambayo mashine mbili zimekubaliana kuongea. Folda yetu haikuwa na nenosiri, kama zilivyo folda za nyumba nyingi, kwa hiyo kila aliyeingia alihesabiwa kuwa mgeni. Windows 11 Pro toleo la 24H2, iliyotoka Oktoba 2024, haikubali kuingia kama mgeni. Tena inataka kila ujumbe wa SMB utiwe sahihi ili usichezewe njiani. Sahihi hiyo hutegemea nenosiri. Hakuna nenosiri, hakuna sahihi.

Kwa hiyo si virusi, si ruta, na faili hazijapotea. Mlango umefungwa makusudi.

Fundi mmoja mjini alitushauri njia ya mkato: washa SMB 1, ruhusu wageni, zima mambo ya sahihi, kazi imeisha. Tuanze na hiyo SMB 1. Sisi wa Voi tunaweza kuielewa kwa reli. Tuna reli ya zamani yenye upana wa mita moja, pamoja na tawi lake la Taveta lililojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Tuna pia SGR yenye upana wa milimita 1,435. Behewa la reli ya zamani haliingii kwenye ile mpya hata ulisukume vipi. SMB 1 ni reli ya zamani, ina mizizi katika miaka ya 1980. Windows 10 na 11 zinaongea SMB 3, kwa hiyo kuiwasha kusingetusaidia lolote.

Kungetuumiza tu. Tarehe 12 Mei 2017, wiki chache kabla ya Madaraka Express kuzinduliwa, programu hasidi iitwayo WannaCry ilipitia tundu la SMB 1 na kufunga faili katika nchi zaidi ya 150. Kila kompyuta ilidaiwa dola 300 kwa bitcoin. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Dawa ya tundu hilo ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu Machi, lakini wengi hawakuwa wameiweka.

Hayo mawili mengine, wageni na sahihi, yangefungua folda kweli. Lakini laptopu ya dada hutembea: leo cyber, kesho hotelini. Ingeamini mashine yoyote bila kuuliza jina. Na pale sebuleni, kila aliyewahi kupewa nenosiri la waifai angeendelea kuifikia sauti ya nyanya.

Tulichofanya ni hiki:

1. Kwenye kompyuta zote mbili, hakikisha mtandao wa nyumbani umewekwa "Private". Ukiwa "Public", kompyuta hujificha.

2. Kwenye kompyuta yenye folda, fungua Command Prompt, andika ipconfig, kisha nakili namba ya IPv4. Yetu ilikuwa 192.168.1.10.

3. Hapo hapo tengeneza mtumiaji mpya, kwa mfano "familia", mwenye nenosiri lake.

4. Shiriki folda na mtumiaji huyo pekee. Ondoa "Everyone", washa "Password protected sharing", na umpe ruhusa ya kusoma tu. Wa kusoma tu hawezi kufuta.

5. Kwenye laptopu, fungua File Explorer, andika \\192.168.1.10 pale juu, kisha weka jina na nenosiri la "familia". PIN unayofungulia laptopu haifanyi kazi hapa, usihangaike nayo.

Folda ikifunguka kwa namba lakini si kwa jina la kompyuta, basi kilichobaki ni utambuzi wa majina tu. Tumia namba, uendelee na kazi.

Yetu ilifunguka. Kabla ya kusikiliza chochote tulinakili rekodi zote kwenye diski mbili za nje. Moja imebaki Voi, ya pili imepanda matatu kupitia Mwatate hadi kwa shangazi Taveta. Kompyuta ya sebuleni ni nzee na haipati tena marekebisho kama zamani, kwa hiyo isiachiwe hazina peke yake.

Basi ndugu msomaji, ukipandisha Windows na kitu kikakataa, usikimbilie kuzima ulinzi. Soma ujumbe wote, hata kama unakuita shirika. Tuonane wiki ijayo.