Tulihesabiwa viatu mlangoni



Leo tunasema jambo tulilolificha muda mrefu. Sisi ni mafundi wa kushona, wanawake tisa, charahani sita, chumba kimoja hapa Pemba. Baada ya uchaguzi wa marudio wa Machi 2016 tuligawika. Hatukutukanana, tuliacha tu kusalimiana. Waliopiga kura walikaa upande wa dirishani, waliosusia upande wa mlangoni. Mwenzetu mmoja alipofiwa na mama yake, wanne wetu hatukwenda mazikoni. Hata kuhani hatukwenda. Astaghfirullah.

Miaka ikapita. Kisha tukaitwa kwenye mafunzo ya siku tatu ya wanawake viongozi wa vikundi, kuhusu amani na usuluhishi. Tulituma wawili, mmoja kila upande, na tusifichane, walifuata nauli.

Huko tulijifunza kwamba tangu tarehe 31 Oktoba 2000 lipo Azimio namba 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, linalotaka wanawake washirikishwe katika kuzuia migogoro na katika mazungumzo ya amani. Tulisikia habari za Liberia mwaka 2003, Waislamu na Wakristo, wanawake waliovaa nyeupe wakakaa juani kudai vita viishe. Kisha mwalimu akauliza la kwetu: maridhiano ya 2009, yaliyotuletea kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 na Serikali ya Umoja wa Kitaifa, nani walikaa pamoja? Sote tulijibu: Rais Karume na Maalim Seif, Mwenyezi Mungu awalipe kheri kwa hilo. Na wanawake? Kimya.

Bibi mmoja wa makamo akanyanyua mkono. Akatukumbusha Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria. Mkataba umeshaandikwa, masahaba wamejaa huzuni, wameamrishwa kuchinja na kunyoa na hakuna anayeinuka. Mtume (s.a.w.) akaingia kwa mkewe, Ummu Salama (r.a.). Yeye ndiye aliyemshauri atoke, asiseme na mtu, achinje na anyoe mwenyewe. Alipofanya hivyo wote walimfuata. Basi nani anatwambia mwanamke hana nafasi kwenye suluhu?

Siku ya pili lilikuja zoezi. Mmoja anasema, mwenzake haruhusiwi kujibu, anarudia tu alichosikia mpaka aambiwe, "Ndiyo, umenifahamu." Wale wawili wetu wakapangwa pamoja, na mmoja wao ndiye yule aliyefiwa. Akasema: "Siku ya maziko ya mama nilikuwa nahesabu viatu mlangoni, natafuta vyenu." Mwenzake alitakiwa kurudia maneno hayo. Alishindwa, akalia.

Walirudi wakatueleza. Ijumaa ile baada ya Alasiri tulikwenda sote nyumbani kwake, na sukari na mchele, tukamsomea mama yake hitma. Alituangalia akasema, "Mmechelewa, lakini karibuni." Hatukuwa na la kujitetea.

Halafu tukaenda kwa sheha. Vikao vya suluhu vilikuwa usiku baada ya Isha, barazani kwa wanaume. Tuliomba visogezwe alasiri, na wanawake wawili waingie. Alisita, akasema atashauriana na wazee. Mwezi wa pili akakubali. Shauri la kwanza lilikuwa la mke aliyetishiwa talaka kwa ajili ya kura. Wanaume walitaka kujua alimpigia nani. Sisi tuliuliza watoto wanalala wapi. Hapo ndipo mume alipoinamisha kichwa, na mazungumzo yakaanza.

Haikuwa yote tamu. Mwenzetu mmoja hajarudi kazini mpaka leo. Charahani yake tunaitia mafuta, hatumpi mtu mwengine, na kila sikukuu mmoja wetu anakwenda kumbishia hodi.

Dada yetu, kama yupo ambaye mazikoni kwake hukwenda, usingoje mafunzo. Vaa buibui uende. Mwenyezi Mungu atupatanishe nyoyo zetu. Amin.